Mwanangu Aliyeitwa Esau

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nikisimama muda mrefu magoti yanalegea, basi mniwie radhi nishuhudie nikiwa nimekaa. Wengi mnanijua kama bibi kizee wa hapa kijijini Mpemba mwenye mdomo. Ndiyo, ninao. Leo nautumia kumshukuru Mungu aliyenitoa katika hofu iliyonila hadi mifupani, hofu kwamba alimchukia mwanangu kabla sijamzaa.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa kanisa. Alisomea ng'ambo ya mpaka, kwa wamisionari Waskoti, akarudi na Biblia, kofia, na fundisho moja alilolipenda kuliko yote: kwamba Mungu, kabla ya kuumba dunia, alikwisha kuwachagua wa kuokoka na kuwaacha wa kupotea, na machozi ya mtu hayabadilishi kitu. Alikuwa mtu mwema, jamani, nisimsengenye marehemu. Hakunywa pombe wala hakunipiga. Ila fundisho lile lilimkaa rohoni kuliko mke na watoto.

Nikajifungua mapacha, wote wa kiume. Mnajua wazee wetu walivyoogopa mapacha. Wakwe zangu wakaja na dawa, wakataka nitengwe kwenye kibanda nje ya kijiji mpaka mji usafishwe. Mume wangu akawafukuza, akasema nyumba ya Mkristo haina mambo hayo. Nikamshangilia moyoni. Kumbe nimeruka majivu, nimekanyaga moto!

Nilipotoka kwenda kanisani mara ya kwanza na wanangu, mume wangu akasoma habari za Yakobo na Esau, kwamba hata kabla hawajazaliwa, hawajatenda jema wala baya, mmoja alipendwa na mwingine akachukiwa. Akafunga kitabu, akatazama mkeka niliokalia. Watu waliokwisha kuamini kwamba pacha mmoja huleta balaa, sasa walipata mhuri wa Biblia. Wa kwanza kutoka tumboni alikuwa na nywele laini mabegani, kama Esau wa kwenye Biblia. Basi, kwisha! Huyo akawa Esau. Mdogo wake akabatizwa Yakobo. Kwetu mama huitwa kwa jina la mzaliwa wa kwanza, lakini mimi niliitwa Mama Yakobo. Mkubwa hakubatizwa. Mume wangu alisema tungoje kwanza tuone ishara.

Wakaja nzige. Ulezi ukaliwa shambani, yakabaki mabua. Maziwa yangu yakapungua. Mume wangu akaagiza Yakobo anyonye kwanza ashibe, kitakachobaki ndipo apewe mwenzake.

Nikamwambia, "Mwalimu, Mungu aliponipa mapacha alinipa matiti mawili."

Akanijibu kwa upole nisishindane na shauri la Mungu. Upole ule ndio ulionitisha. Akitoka, niliwapakata wote wawili pamoja, mlango nimeufunga, maana niliamini namwibia Mungu. Ndugu zangu, hebu fikirini mama anayemnyonyesha mwanawe kama mwizi!

Kisha homa ikawalaza wote. Mume wangu alipiga magoti upande wa Yakobo tu. Yakobo akafa. Esau homa ikamshuka, akaomba titi.

Tulipotoka makaburini, mume wangu aliingia na bakuli la maji. Akasema tulikosea, huyu aliyebaki ndiye Yakobo tangu mwanzo, na yule tuliyemzika ndiye Esau. Alitaka kumbatiza papo hapo kwa jina la ndugu yake. Na waombolezaji wakaitikia kwa vichwa! Mwanangu, udongo haujakauka juu yake, amekwisha kuhamishiwa motoni.

Hapo kitu kilikatika ndani yangu. Nikasema mbele ya watu wote, "Jana Mungu alimchukia huyu, leo amempendea nini? Mungu hageuki. Ni wewe unayebahatisha."

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda njia ya Mbozi kwa miguu, nalia njia nzima. Huko nikamkuta mchungaji mmoja mzee akipalilia kahawa. Nikamweleza yote. Nikamuuliza kama mtoto huyu amechaguliwa.

Akaweka jembe chini, akasema, "Mama, siri za Mungu sizijui. Ila Yesu aliposema watoto waletwe kwake, hakumwambia mama yeyote amwache mmoja nyumbani."

Nilikaa pale kwenye udongo nikalia kilio kingine kabisa. Sijalifuta lile neno la Yakobo na Esau, limeandikwa, na kina chake sikijui. Lakini hakuna aliyetupa ruhusa ya kulisoma juu ya mkeka wa mzazi, tukagawa watoto. Nilimlilia Yakobo wangu bila kuogopa yuko wapi. Na mkubwa wake akabatizwa Yohana.

Nilirudi kwa mume wangu. Hakunifukuza, lakini tangu siku ile aliacha kuwapima wengine, akaanza kujipima mwenyewe. Aliishi miaka mingi akitafuta ishara ndani yake, asiione. Alikonda kwa hofu mpaka akalala kitandani. Aliyemwogesha na kumlisha uji ni Yohana, ambaye alikwisha kujua yote aliyotendewa na baba yake utotoni.

Siku ya mwisho alimshika Yohana mkono, akamuuliza, "Na mimi je? Kama sikuchaguliwa?"

Mwanangu akamjibu, "Baba, mimi niliambiwa sikuchaguliwa. Nikaenda kwa Yesu hivyo hivyo. Hakunifukuza."

Mume wangu alimtazama sana. Sijui kama alisadiki. Alikata roho mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa mtoto ambaye siku ya homa yeye alikataa kumwombea. Nimemwachia Mungu, na namshukuru Mungu kwamba si mimi ninayehukumu.

Ndugu zangu, kama kuna mtu hapa anangoja ishara, asingoje. Mume wangu aliingoja mpaka kaburini. Nenda kwa Yesu hivyo hivyo ulivyo, na kama una watoto wawili, nenda nao wote.