Mama Alizaa Watatu

Nawasalimu, watu wa Mungu. Mama mchungaji aliponiomba nisimame hapa nilimwambia ushuhuda wangu si mtamu, uko na hasira ndani. Akasema niulete hivyo hivyo. Kwa hivyo mkisikia nikipandisha sauti, si pepo. Ni mimi.

Wengi wenu mnanijua. Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwa, hapa Kisumu Ndogo miaka mingi, hadi asubuhi moja akaanguka kando ya meza yake. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Wakati huo nilikuwa nimeanza mwaka wa pili wa koleji, nasomea unesi. Mimi ni kitinda mimba na msichana pekee. Nina kaka wawili. Mkubwa anaishi Kawangware na bibi yake, wa pili ana nyumba Ayany. Wote wana kazi, wote wana afya.

Mama alipotoka hospitali, hakuna mtu aliuliza nani atamtunza. Waliniangalia tu. Ndivyo ilivyoamuliwa, ndugu zangu, kwa macho.

Basi nikaanza. Kabla ya koleji nachota maji, namwogesha mama, nambadilisha nguo, namlisha uji polepole kwa sababu alikuwa anapaliwa. Nikirudi nafua shuka, napika, namnyoosha ule mkono vile tulionyeshwa hospitalini. Halafu ndio nafungua kitabu. Na sikutaka kupita tu. Nilitaka kuwa nesi wa chumba cha upasuaji, na hiyo nafasi hawampi mtu wa kubahatisha. Nilikuwa nasoma mpaka mistari inapandana kwa ukurasa.

Na nyinyi mlikuwa mnanisifu. Msiangalie chini, nawaambia ukweli. Mlisema, "Huyu msichana ana nguvu." Mlinitoa mfano kwa vijana, nikiwa nimekaa pale kwa benchi la tatu, macho yananiwasha kwa usingizi. Ibada ikiisha mlienda kula, mimi nikaenda kufua. Zile sifa zenu zilinifunga mdomo. Mtu akishaitwa shujaa mbele ya kanisa, aanzie wapi kusema amechoka?

Kaka wa Ayany nilimpigia simu, nikamwambia, "Kuja hata Jumamosi tu, nisome." Mnajua alinijibu nini? "Si wewe ndio nesi? Hiyo ya mama ni kama mazoezi yako ya shule." Akacheka. Mimi nikacheka pia. Hicho kicheko changu bado kinaniuma.

Sasa mwili ukaanza kusema. Nywele zilikuwa zinatoka na kitana. Chakula kilikuwa kama majani makavu mdomoni. Nikawa namjibu mama vibaya, halafu najifungia bafuni. Nilidhani ni imani imepungua, nikafunga na kuomba. Mtu hana nguvu na bado anafunga kula, ndugu zangu. Hakuna aliyeniambia hapana.

Siku ilifika tukafanyiwa mtihani wa vitendo wodini. Mwalimu amesimama na mimi kando ya kitanda cha shosho mmoja, nyanya mzee, ananiambia nieleze hali ya mgonjwa. Vitu nilivijua. Nikafungua mdomo, hakuna neno. Machozi yakaanza kutoka, na sikuwa na huzuni yoyote, yalikuwa yanamwagika tu kama bomba limepasuka. Yule shosho akanishika mkono akaniuliza, "Msichana, nani amekufa?"

"Hakuna mtu, shosho."

"Basi mbona unalia kama uko matanga?"

Mwalimu akanitoa nje, tukakaa kwa ngazi. Nilimwambia yote. Hakunihubiria. Aliniuliza tu, "Una ndugu?" Nikasema ninao, mmoja Kawangware, mmoja Ayany. Akaniangalia. "Na wewe unakaa wapi?"

"Kianda."

Akasema, "Hapo si mbali."

Maneno matatu. Sijui kama mnaelewa vile yalinichoma. Kutoka kwetu hadi Ayany mtu anatembea, hata jasho halitoki. Kawangware ukiamka mapema unafika kwa miguu, unarudi. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi kama ndugu zangu wako ng'ambo. Nilishuka zile ngazi nikiwa na hasira ya kwanza ya maisha yangu, na nilimshukuru Mungu kwa hiyo hasira, kwa sababu ndiyo ilinisimamisha.

Kaka mkubwa aliposikia nimelia wodini, aliita kikao nyumbani kwa mama. Wazee wawili wa kanisa hili walikuwepo, wako hapa leo, siwataji. Kaka akasema ameona nimelemewa. Nikapumua. Halafu akaendelea: "Kwa hivyo ni vizuri asimamishe masomo kwanza, amtunze mama vizuri. Shule haitoroki." Kaka wa pili akakubali. Wazee wakaitikia kwa kichwa. Mmoja akaniambia, "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kubeba."

Mzee, nilinyamaza siku hiyo. Leo nakujibu kwa heshima. Ule mzigo haukutoka kwa Mungu. Ulitoka Ayany na Kawangware.

Mama alikuwa kwa kitanda, ameegemea mto. Wakati huo maneno yake yalikuwa machache na yanatoka kwa taabu. Akasema, "Tatu." Halikusikika vizuri, wakadhani anataka maji. Kaka mkubwa akampelekea kikombe, mama akakisukuma kwa ule mkono mzima, maji yakamwagikia kaka suruali. "Watatu," mama akasema. "Nilizaa. Watatu."

Kaka akabaki akipangusa suruali. Watoto wa jirani ndio walisikika wakicheza huko nje.

Mimi nikasimama. Nikasema, "Kesho asubuhi niko wodini. Mama ataoga na kula. Jueni nyinyi vile itakuwa."

Kaka wa pili akasema, "Mwanaume hawezi kumwogesha mama yake. Ni mwiko, unajua."

Kaka mkubwa akasema, "Basi bibi yangu atakuja." Shemeji yangu alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mgongoni. Hata hakupandisha sauti. "Mimi nina mama yangu nyumbani," akasema. "Huyu ni wako."

Ni jirani yetu aliyevunja hivyo vita, mama mmoja mjane kutoka Kakamega, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Alisema, "Kuoga nitamwogesha mimi, mwiko wenu ukae salama. Lakini maji mtachota nyinyi, shuka mtafua nyinyi, na uji mtapika nyinyi. Shuka hazina mwiko."

Nikachukua begi langu, nikaenda kukaa kwa rafiki yangu, msichana wa darasa letu. Mama mwenyewe ndiye aliniambia niende. "Nyathina," mtoto wangu, akaniita, akanipungia mkono niondoke. Siku za kwanza nililala tu. Nikiamka nakunywa chai, nalala tena.

Niliporudi, nilimkuta kaka mkubwa nje ya mlango amechuchumaa kwa karai, anakamua shuka, wapita njia wanamwangalia. Aliinua macho akaniambia, "Sikujua ni kila siku."

Mlidhani nilimkumbatia? Nilimwambia, "Ulifikiri mama anakula Jumapili peke yake?" Aliendelea kukamua. Hapo ndipo nilianza kumheshimu tena, kwa sababu hakuacha.

Sasa mama anakaa Kawangware mwezi mmoja, Kianda mwezi mmoja. Anatembea na fimbo hadi kwa jirani, na amerudi kugombana na watu, asante Yesu. Ule mtihani nilirudia nikapita vizuri, na sasa niko karibu kumaliza. Sitadanganya kwamba yote yamepona. Kaka wa Ayany bado anatuma salamu. Salamu haziogeshi mtu.

Namshukuru mwalimu wangu, jirani yetu, yule rafiki aliyenipa godoro lake, na shemeji yangu, ambaye hapana yake ilinisaidia kuliko amina nyingi. Namshukuru mama, aliyetumia maneno machache aliyobaki nayo kunipigania.

Somo langu ni dogo. Ukiona msichana anasoma na kulea na kupika na bado anatabasamu kanisani, usimwambie ana nguvu. Muulize ndugu zake wako wapi, halafu uende uwaulize wao. Na wewe msichana unayenisikia, usingoje mpaka ulie mbele ya mgonjwa. Sema ukiwa bado unaweza kuongea.

Nimemaliza. Chai imeletwa, naiona pale. Tukishakunywa, vikombe vioshwe na wanaume. Bomba liko nyuma ya kanisa. Mimi leo nimekaa.