Mama Kipimo na Mlango wa Mwenyekiti

Katika masika ya mwaka 1957, mto wetu ulipanda hadi ngazi ya pili ya shule ya misheni. Sista mwalimu alichomeka rula matopeni, akamwambia msichana wa miaka tisa, "Kaa hapa. Maji yakimeza mstari wa kumi, niite." Msichana alikaa akinyeshewa hadi alasiri, akaita kwa wakati, na darasa zima likatoka salama. Huyo ndiye dada yetu tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1948, binti wa msaga nafaka na mama dobi. Alisoma shuleni hapo hadi darasa la nane. Tarehe 1 Julai 1968 aliajiriwa kusoma nguzo ya kipimo cha maji iliyo chini ya daraja, asubuhi na jioni saa kumi na mbili. Mji ukamwita Mama Kipimo hata kabla hajapata mtoto.

Kwa kukanyaga maji kila siku, viatu vyake vilirudi kwa fundi mara tatu katika mwezi mmoja. "Dada," fundi alimwambia, "viatu hivi vina mafua. Mwenyewe ahamie karibu na daktari." Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1970, wakajaliwa binti mmoja.

Tarehe 14 Aprili 1985, alfajiri, kipimo kilisoma mita sita na robo. Marehemu alikimbia kwa Mwenyekiti wa mji, mwenye ufunguo wa kengele ya soko, akamsihi awaondoe watu. Siku hiyo Mwenyekiti alikuwa akizindua ghala lake jipya. "Mama," alisema, "wewe pima maji. Watu nitawapima mimi." Saa nne maji yaliingia sokoni. Fundi viatu alitoa wazee wawili mgongoni. Aliporudi kumchukua wa tatu, hakutoka tena. Tulizika watu kumi na mmoja.

Mwaka 1991 Mwenyekiti alitunga kijitabu cha historia ya mji wetu. Aliazima kwa marehemu daftari la vipimo la mwaka ule wa mafuriko, akalirudisha likiwa limepungua ukurasa mmoja. Kijitabu kikasema: "Msomaji wa kipimo alipitiwa na usingizi." Watoto wakaanza kumwita Mama Usingizi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya kutoka darajani hadi mlangoni kwa Mwenyekiti ilikuwa hatua mia mbili na kumi. Kila asubuhi, kwa miaka ishirini na sita, baada ya kusoma mto, marehemu aliukanyaga umbali huo, akagonga, akatangaza kipimo cha siku, na kuongeza: "Nami sikulala." Mtaa ule uliacha kununua saa. Mwenyekiti alihama nyumba; marehemu alibadili njia tu.

"Mama, nimezeeka," Mwenyekiti alimwomba siku moja dirishani. "Yaishe."

"Andika," alijibiwa.

Hakuandika. Padre naye alimkumbusha marehemu kuhusu kusamehe saba mara sabini. "Baba," alisema kwa upole, "hizo ni asubuhi mia nne na tisini. Nilizimaliza mwaka wa pili."

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2016. Daktari alimkataza ngazi za daraja. Alizishuka akishikwa mkono na bintiye. Alifariki nyumbani tarehe 3 Septemba 2017, alfajiri, akiwa amekwisha kuvaa viatu.

Ameacha kaka mmoja, binti mmoja, wajukuu wawili, madaftari hamsini, na Mwenyekiti mstaafu, ambaye tunamshukuru kwa kuketi nasi hapa mstari wa mbele. Binti amekabidhiwa kipimo na kalamu. Ataanza kesho, saa kumi na mbili. Njia anaijua.

Maandishi ya mwisho ya asubuhi ya marehemu, ya tarehe 2 Septemba, yanasomeka hivi: "Mita moja na sentimita arobaini. Nimegonga. Yuko macho."

Mungu ampe sasa usingizi ule aliosingiziwa.