Emile Asani, Muganga Aliyeposa kwa Sindano

Ndugu, jamaa na majirani wa Wamaza, huyu tunayemlaza leo ni wetu. Tusimlaze bila kusema alivyoishi.

Marehemu Emile Asani alizaliwa Nyangwe tarehe 3 Machi 1921, mtoto wa tatu wa mzee Bulaimu, mvuvi wa Lualaba, na mama Régina. Alisoma shule ya misioni Kasongo, akipenda usafi hata wenzake wakasema anaosha chaki. Mwaka 1944 alipata cheti cha uuguzi, na mwaka 1951 akatumwa hapa Wamaza akiwa na dawa mpya, penisilini, kutibu buba.

Nani amesahau buba? Mama zetu walilaza mtoto mzima mkeka mmoja na mgonjwa, ili vidonda vimpitie mapema, viishe. Marguerite, binti wa mama Cécilia, vilimpitia kweli, kisha vikarudi kukaa nyayoni. Msichana wa kuolewa, akatembea kwa kingo za miguu kama kaa wa mtoni.

Emile aliwaeleza watu kwamba dawa ile ilitoka katika ukungu, ambao daktari mmoja wa Uingereza aliuona ukiua vijidudu vya magonjwa.

"Ukungu?" Mama Cécilia alicheka. "Muhogo yangu ikiota ukungu, natupia kuku! Buba lazima itoke yenyewe. Ukiifungia ndani itashuka mu tumbo, mutoto hatazaa. Nani atamuoa? Weye?"

"Miye, mama."

Watu wakapiga kelele. Marguerite akasema, "Mama, nyayo ni zangu," akalala kifudifudi, akachomwa sindano.

Mwezi haujaisha, nyayo zilikuwa laini. Mama Cécilia akaja na jogoo kwapani: "Muganga, miguu iko mizuri. Na neno lako?" Walifunga ndoa Kasongo tarehe 9 Agosti 1952.

Mtoto hakuja. Miaka ikapita, ukoo ukamwambia Emile atafute mke mwingine, na mama Cécilia akaketi mlangoni pao akirudia, "Nilisema miye." Emile alijibu sikuzote, "Nilioa Marguerite, sikuoa tumbo." Tarehe 20 Novemba 1956 Antoine akazaliwa. Bibi yake Cécilia akamgeuza pande zote, asione kidonda, akauliza: "Na huyu, sindano yake lini?"

Mwaka jana moyo wa Emile ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, akawa anatembea kwa kushika bega la Marguerite. Muuguzi mwenzake, Théophile, alipotaka kumchoma penisilini, alimzuia: "Hiyo si dawa ya moyo, ndugu. Umuwekee mwenye buba." Alifariki nyumbani, alfajiri ya tarehe 14 Mei 1959.

Anaacha mama yake Régina. Mama mkwe wake Cécilia. Watoto wake Antoine na Marcelline. Na mjane wake Marguerite, aliyefuata jeneza kutoka nyumbani hadi hapa, visigino chini kama watu wote.

Emile wetu, pumzika kwa amani. Nyayo ulizoziponya zimekusindikiza.