Bi Hatujui, Mlinzi wa Siri Asizozijua

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wetu wa dawati la huduma kwa wateja anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kuwaambia watu, kwa upole, kwamba hatujui. Hatujui nywila zao, hatuna pa kuziangalia, na hata tungekuwa na nia mbaya tusingeweza. Ndiyo maana jengo zima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, humwita Bi Hatujui, naye huitika bila kinyongo.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili, kampuni yetu hutengeneza programu ya kutunza nywila. Mteja huweka humo, katika hifadhi yake, nywila zake zote, za benki, za barua pepe na za kwingineko, kisha akazifungia kwa nywila moja kuu. Kufunga huko hufanyika kwenye simu au kompyuta yake mwenyewe, na nywila kuu haitoki hapo. Kinachofika kwetu ni msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, na huo ndio tunaoutunza. Mteja akisahau nywila kuu, sisi hatuna ya akiba.

Kuliandika jambo hili ni rahisi. Kumweleza mtu aliyefungiwa nje ya mali yake, tena kabla hajanywa chai, ni kazi inayotaka moyo. Muuza magodoro mmoja alipiga simu wiki nzima. Kwanza aliomba, kisha akabembeleza, kisha akaleta ushahidi: jina la mama yake mzazi, jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, na maelezo marefu ya kovu lililo gotini. Bi Hatujui alimhakikishia kwamba anaamini kabisa kuwa yeye ndiye yeye. Shida haikuwa kumtambua mwenye mali, shida ni kwamba ufunguo hatukuwahi kuwa nao. Mwishowe yule bwana akaomba tumwangalizie kidogo tu, herufi mbili za mwanzo, hizo nyingine angejaza mwenyewe.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Wifi yake alimshuku mumewe, akaja hadi mapokezi na mkoba kwapani, akitaka hifadhi ya mume ifunguliwe kindugu. Alipoambiwa haiwezekani, alitangaza mbele ya wateja kwamba undugu umekufa. Bi Hatujui alimjibu kwamba hata angetaka kumsaliti shemeji yake asingeweza, kwa hiyo wote watatu wamebaki na heshima zao. Wifi alimnunia kwa muda mrefu, mpaka siku aliporudi kimyakimya kuuliza kama naye anaweza kufungua hifadhi yake, na kama mumewe hataweza kuiona.

Mkurugenzi hakusalimika. Mwaka mmoja alirudi likizo akiwa amepumzika mno hata nywila kuu ikamtoka kichwani. Aliwaita mafundi, akaagiza wapite mlango wa nyuma wa programu, usiohitaji nywila. Fundi mkuu akamkumbusha, kwa adabu zote, kwamba aliyeamuru mlango huo usijengwe kamwe ni yeye. Basi akapelekwa kwa Bi Hatujui kama mteja mwingine yeyote, akapewa maelezo yaleyale, akashauriwa aanze upya, na mwishoni akaulizwa kama ameridhika na huduma. Inasemekana alitoa alama za wastani.

Utani ulikwisha siku wadukuzi walipoingia kwenye seva zetu na kunakili hifadhi za wateja wote. Asubuhi ile mafundi walikuwa wakihaha kwenye mashine zao. Simu ya dawati ikalia, na aliyepiga alikuwa mwizi mwenyewe. Alitaka alipwe, la sivyo angemwaga kila kitu mtandaoni. Bi Hatujui akaweka simu kwenye spika ili sote tusikie, kisha akamwomba amsomee kwanza alichonacho, ahakikishe ni chetu. Mwizi akaanza kusoma: herufi, tarakimu, alama ya mshangao, herufi tena, nukta. Alisoma mpaka pumzi ikamwishia.

“Ni yenyewe,” Bi Hatujui akamwambia. “Hata sisi tunaiona hivyohivyo.”

Mwizi akauliza, kwa sauti ya mteja kabisa, inafunguliwaje.

“Kwa hilo, ndugu yangu, itabidi umuulize mwenyewe.”

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Bi Hatujui hakucheka. Kabla ya kukata simu, mwizi alikuwa ameapa kwamba atakisia moja baada ya nyingine mpaka zifunguke, na Bi Hatujui aliwafahamu wateja wetu. Wapo waliochagua nywila kuu ndefu zenye kichwa kigumu. Wapo pia walioandika jina la timu na mwaka wa kuzaliwa, na hizo mashine huzikisia huku mwenye mashine akinywa kahawa.

Wakati huo afisa uhusiano alikuwa ameshaandaa tangazo lililosema hakuna mteja aliye hatarini. Bi Hatujui alilichukua, akapanda nalo ghorofani. Mkurugenzi alihofia kwamba ukweli ungewakimbiza wateja, na wateja wakikimbia nasi tungefuata na maboksi yetu mikononi. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Aliyekuwepo anasimulia kwamba mama huyu hakupandisha sauti.

“Miaka yote tunawaambia hatujui, na wanatuamini,” alisema. “Hili tunalijua. Tuwaambie.”

Mkurugenzi alilichukua tangazo, akalichana. Tukaanza kupiga simu, kila aliyekuwa na masikio, mpishi wa kantini akiwemo. Tuliwaambia wateja kilichoibwa. Tuliwaambia kwamba wenye nywila kuu nyepesi wasibadilishe hiyo peke yake, bali wabadilishe na zote zilizomo ndani, kwa kuwa nakala iliyoibwa bado ingefunguka kwa ile ya zamani. Tulitukanwa kwa lahaja zote. Baadhi walihama. Wachache waliochelewa waliingiliwa kweli, na hao Bi Hatujui aliwapigia mwenyewe kuwaomba radhi. Lakini wengi walibaki, na ndiyo maana leo kuna jarida la kuandikia haya.

Wiki iliyopita alipokea simu ya mjane. Mumewe alikuwa ameacha hifadhi kwenye kompyuta ya nyumbani, na watoto walikuwa wakitaka picha za baba yao, zilizofungwa kwa nywila iliyomo humo. Bi Hatujui alimweleza, kwa masikitiko, lile alilomweleza kila mtu. Ila hakukata simu. Alimwambia ajaribu pale nyumbani, taratibu, naye atamsubiri. Wakakaa hivyo. Mjane alijaribu majina ya watoto, mtaa walikopanga mwanzo, siku ya ndoa. Katikati wakazungumzia jinsi marehemu alivyokoroma. Kisha upande wa pili kikasikika kicheko kilichochanganyika na kilio. Ilikuwa imefunguka. Mjane akaanza kusema kwamba ni jina ambalo mumewe alimwita walipokuwa wachumba, ambalo hakuna mwingine duniani aliyewahi kulisikia.

“Usinitajie, dada,” Bi Hatujui akamwahi. “Hilo ni lako.”

Akaweka simu chini, akafuta miwani, akaenda kunywa chai.

Bi Hatujui, kwa niaba ya wote uliotufundisha kusema “hatujui” bila aibu, tunakushukuru. Nenda kapumzike kwa afya na furaha, ulale ushibe usingizi, na simu yako ilie pale tu mtu anapotaka kukujulia hali.