Jenerali Aliyetengenezwa Kanyangi

Benchi letu liko Kibwezi, nyuma ya duka la mbolea, mahali ambapo vumbi la malori ya Mombasa halikufikii sana. Mimi Nzisa nauza ndengu hapo kando, na masikio yangu hayalipi kodi. Wiki hii wazee wa benchi walikuwa na habari moja tu: Jenerali Sambaru, yule wa nchi ya mbali, aliyempindua rais wake asubuhi ya Jumapili akaingia ikulu na kifaru. Sasa, kijana wetu Kitheka, mtoto wa Kasyoka, ni askari wa kampuni ya ulinzi huko, na lindo lake lilikuwa geti la ikulu hiyo hiyo. Tangu Jumapili simu yake ni mteja, haipatikani. Lakini Abukar muuza kahawa akishamimina ile ya tangawizi, nani anamkumbuka Kitheka?

Koplo ndiye alianza. Huyo ni Kilonzo, aliyepikia jeshi mpaka akastaafu na kofia.

— Sambaru namjua mimi. Alikuja kozi kambini kwetu. Nilimpakulia ugali kwa mkono huu.

— Na hukumtilia hata sumu kidogo? akauliza Waziri. Waziri ni Mwau, ambaye hata udiwani ulimshinda.

— Kijana mpole! Hata chumvi aliiomba kwa adabu. Alikuwa mchunga punda, akaingia jeshi juu ya njaa. Leo nchi yote ni yake. Hiyo ni nidhamu.

— Nidhamu gani, wee Koplo? Rais alimtoa kwa udereva, akamfanya mlinzi wake, akamsimamia mpaka harusi. Halafu huyo Sambaru anamtoa kitandani na kifaru?

— Si ndiyo! Ukilinda mtu miaka mingi, unajua mlango wake wa nyuma.

Abukar akasimama na birika lake.

— Wazee, jamaa zangu wa malori wanasema waliokufa ni wengi. Wanazikwa bila majina.

— Abukar, wewe mimina. Siasa tuachie sisi.

Akamimina.

— Mimi nawaambia, Waziri akaendelea, huyo Sambaru si mmoja. Wako watatu wanafanana. Wa kwanza alikufa vitani zamani. Huyu wa runinga ni wa pili.

— Na wa tatu?

— Amewekwa.

— Amewekwa wapi, kwa friji? nikamwuliza.

Wakacheka, mimi nikacheka kuwashinda. Waziri akaona tunamponyoka, akainama, akashusha sauti kama mtu wa kanisa anayesema jambo lisilo la kanisa.

— Susu, bibi yetu, unajua nguvu zake zilitoka wapi? Hapa kwetu. Kanyangi, hapo Kitui! Alikuja amevaa kama mnunuzi wa mbuzi, akatengenezwa na mganga mmoja siku nzima. Si walimpiga risasi Jumapili? Hazikuingia! Zikimfikia, zinapinda.

— Zinapinda! Koplo akapiga goti. Mimi nilijua tu. Dawa ya Kitui haina mchezo.

— Dunia nzima inatutafuta sisi Wakamba!

Hata mimi, ninayekaa benchi la mbele kanisani, nilitia yangu. Nikasema mganga huyo namfahamu, ni shemeji ya binamu yangu. Uongo mtupu. Lakini tulikuwa tumevimba kwa sifa, utadhani kile kifaru tulikisukuma sisi.

Ndipo nikamwona Kasyoka. Alikuwa amesimama karibu na magunia ya mbolea, leso imefungwa kombo. Sijui alikuwa amefika saa ngapi.

— Mama Kitheka! nikamwita. Karibu, mwaitu, keti hapa.

Hakuketi.

— Koplo, nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mtu wa jeshi. Hayo ya risasi nimesikia.

— Aah, hayo ni maneno ya benchi tu, mama...

— Wacha yawe ya benchi. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Zikimfikia huyo mkubwa, zinapinda. Sawa. Zikishapinda, zinaenda kwa nani? Kitheka anasimamanga hapo tu, kando ya geti.

Koplo alivua kofia, akaipapasa, asijue aiweke wapi. Waziri alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilichota ndengu nikazirudisha, nikachota tena. Abukar akamimina kahawa, akampelekea pale aliposimama. Kasyoka akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa, macho kwa Koplo, akingoja.