Bibi Anasubiri Kitabu Kiishe

Karatasi ilichanika nyuma yangu kwenye treni. Nikageuka. Mshonaji mmoja, utepe wa kupimia ungali shingoni, alikuwa amenyofoa ukurasa wa riwaya. Mama aliyekaa pembeni yake, mkutubi kwa beji yake, alishika kifua. "Binti, kitabu kimekukosea nini?"

"Kinamuua mchumba! Humu mna mapenzi mawili, ya bibi mmoja enzi za ujana wake na ya mjukuu wake wa leo. Bibi yangu haoni vizuri, namsomea kila jioni. Mzee jirani yetu amemposa, naye kasema atamjibu kitabu kikiisha. Sasa huyu mchumba wa zamani kitabuni kazama na meli! Bibi si atakataa?"

Mimi ni mtu wa mashairi, riwaya za mapenzi sina haja nazo, lakini masikio yangu yalishahamia kiti chao.

"Una hasira za moto wa mabua," mkutubi akasema. "Hebu fungua sura inayofuata."

Mshonaji alisoma midomo ikimcheza, kisha akashusha pumzi ndefu, hata sisi tusiohusika tukapumua. "Kumbe hakuipanda meli! Yu hai, anamwandikia barua!"

"Na barua hizo ndizo mjukuu atakazokuja kuzi..."

"Mama, usinimalizie!"

Treni ilifunga breki. Mshonaji akainuka, simu sikioni. "Bibi, usilale mapema. Leo nitakusomea mpaka mwisho, nakuahidi, hata sauti ikinikauka."