Mvutaji Kamba wa Farasi Mweupe: Bwana Otakar Hladík Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2024 Bwana Otakar Hladík anatimiza miaka thelathini na sita katika idara ya jukwaa ya jumba letu la opera, na siku hiyo hiyo anastaafu. Watazamaji hawamjui kwa sura, ila kazi yake wanaijua wote: ndiye aliyekuwa akimrusha Farasi Mweupe.

Alikuja kwetu kutoka kiwanda cha matrekta, akakabidhiwa kamba za farasi huyo, wa opera ambayo mji huu haujawahi kukubali iondolewe kwenye ratiba. Hekaya yenyewe kila mtoto hapa anaisimulia: shujaa aliyehukumiwa kifo anaomba kumpanda farasi wake mara ya mwisho, na farasi anaruka ukuta wa ngome pamoja naye. Farasi wetu ni wa mbao. Huruka kwa kamba mbili, na mifuko ya mchanga husawazisha uzito wa mwimbaji. Kila msimu Bwana Otakar alimtazama mwimbaji kuanzia juu hadi chini, kisha akaitangazia kwaya nzima kwamba mwaka huu bia na nyama ya nguruwe zimeongeza mfuko mmoja. Waimbaji walinuna, lakini hakuna aliyeangushwa.

Miaka miwili iliyopita bega lake lilianza kumsumbua. Akamfundisha Bi. Alžběta Kubínová, fundi mwenzetu, ashike kamba badala yake. Kikwazo kikawa Bwana Radovan Štorek, mwimbaji wetu mkuu, aliyesema waziwazi kwamba bila Otakar hapandi. Mkurugenzi naye akaamua: mwimbaji asipopanda, farasi wa mbao atapelekwa makumbusho, na mruko utaonyeshwa kwa taa.

Tarehe 14 Mei, wakati wa mazoezi, Bwana Otakar alivua kofia akampanda farasi mwenyewe. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Anaogopa kuwa juu, na kazi yake yote ameifanya miguu ikiwa sakafuni.

"Vuta, binti," alisema, "kabla sijaghairi."

Alžběta akavuta. Farasi akapanda taratibu, akapita juu ya ukuta, naye mpandaji kafumba macho, uso mweupe kama unga. Aliposhushwa alikaa kidogo akishika shingo ya mbao, kisha akamgeukia Radovan.

"Binti huyu ananishinda kwa utulivu. Mimi nilikuwa nakutikisa, wewe ukadhani ndiko kuruka."

"Miaka saba, mzee," Radovan akajibu, "naimba huku nameza kichefuchefu."

Akapanda. Siku hiyo aliruka mara tatu, na ya tatu aliiomba mwenyewe.

Farasi Mweupe yumo kwenye ratiba ya msimu ujao, na kamba ni za Bi. Alžběta.

Bwana Otakar, tunakushukuru kwa uangalifu wako na kwa utani wako. Bega lipate nafuu, na miplamu ya bustani yako izae vizuri. Kiti cha katikati, safu ya tano, ni chako katika onyesho la Oktoba. Njoo uuone mruko kutoka mbele.